Minyoo Wanaokwenda kwa Saa

Majirani zangu Kangemi huniita Mama Konokono, na sijawahi kulikataa jina hilo. Ninafanya kazi katika maabara moja hapa Nairobi, kwenye chumba cha nyuma chenye joto na harufu ya majani yaliyolowa. Kazi yangu ni kulea konokono wa majini ili waambukizwe minyoo ya kichocho. Nawalisha, nawasafishia beseni, nawakinga na baridi, halafu wakishapata afya nzuri nawatia ugonjwa kwa makusudi. Mgeni akisikia hivyo hucheka kwanza, ndipo huuliza sababu. Jibu fupi ni kwamba watafiti wa dawa na chanjo wanahitaji minyoo hai, na minyoo hawa hawakamilishi maisha yao bila kupitia kwa konokono. Jibu refu ndilo hili.

Konokono wenyewe ni Biomphalaria pfeifferi. Gamba lao ni bapa, linafika upana wa sentimita moja na kitu, na damu yao ni nyekundu kwa sababu ina himoglobini. Kila mmoja ni dume na jike kwa wakati mmoja, na hata akiwa peke yake anaweza kutaga mayai yenye uhai. Ukiwatunza vizuri wanazaana hadi unakosa beseni. Kuwatunza vizuri ndiko kugumu. Maji ya mfereji ya Nairobi yana klorini, na klorini ni sumu kwao, kwa hiyo nayakinga kwenye matangi na kuyaacha yakae huku pampu ndogo ikipuliza hewa. Natia chaki kidogo wapate chokaa ya kujengea magamba. Chakula ni majani ya saladi kutoka sokoni Kangemi, nayaosha mara nyingi kwa sababu ya dawa za wadudu, kisha nayachovya kwenye maji ya moto yalainike. Mama mboga wangu alikuwa akidhani nafuga sungura. Nilipomweleza ukweli alinyamaza kidogo, akasema, "Haya basi, nao wana haki yao," na tangu siku hiyo huniwekea majani ya nje yasiyouzika.

Sasa, minyoo. Tunaanza na mayai, ambayo huletwa katika kinyesi cha wagonjwa waliokubali kushiriki katika utafiti, wengi wao kutoka Mwea. Ukiweka tone chini ya hadubini unaliona yai la Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, mara moja: lina mwiba ubavuni. Ndani yake tayari kuna mtoto, mara nyingine unamwona akijinyonganyonga. Lakini haanguliwi. Kinyesi tunakiosha kwa maji ya chumvi, na maadamu chumvi ipo, yai linatulia. Ukishayahamishia mayai kwenye maji matamu, safi, yenye uvuguvugu, ukawasha taa juu yake, yanaanza kupasuka muda si mrefu.

Anayetoka anaitwa mirasidia. Urefu wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, mwili umefunikwa nywele ndogo zinazopiga kasia, na hana mdomo. Anaishi kwa akiba aliyozaliwa nayo. Saa chache za mwanzo yuko na nguvu zote, halafu anaanza kuchoka, na kabla siku haijaisha amekufa kama hajampata konokono wa aina yake. Nimesema wa aina yake. Ukimtupia konokono mwingine wa majini anayefanana na huyo kwa macho yetu, mirasidia wa mansoni hupita, au hupenya na kufia humo. Kwa sababu hiyo, siku ya kuambukiza hatunywi chai kwanza. Kila konokono huwekwa kwenye kishimo chake cha trei ya plastiki, naye hupewa mirasidia wachache walionyonywa kwa mrija mwembamba, tukiwahesabu mmoja mmoja chini ya hadubini. Mtu akichelewa matatuni, mayai yakaanguliwa na kazi ikasubiri hadi jioni, siku nzima imepotea.

Mirasidia akishapenya kwenye ngozi laini ya konokono, huvua zile nywele na kugeuka kifuko tu, sporosisti, kisicho na mdomo wala tumbo, kinachofyonza chakula kupitia ngozi yake. Kifuko hicho huzaa vifuko vingine. Vile vya pili husafiri hadi kwenye ini na viungo vya uzazi vya konokono, vinajaa humo, na ndani yake hutengenezwa serkaria, ambao ndio hatua inayomwingia mtu. Katika uzazi huo wote hakuna kupandana. Mmoja aliyeingia anakuwa maelfu, na wote ni nakala zake.

Konokono wa watu anaendelea kula saladi yangu lakini ameacha kutaga. Nguvu iliyokuwa ya mayai yake imechukuliwa. Amekuwa mwenye nyumba anayemlipia mpangaji kodi. Ukitaka kujua konokono yupi ameshika ugonjwa kabla hujamwona akitoa serkaria, angalia kuta za beseni: penye mayai mengi ugonjwa haukushika, pasipo na mayai pana matumaini. Nilipofundishwa hilo na mzee aliyekuwa na kazi hii kabla yangu, niliona ajabu kufurahia ugumba wa kiumbe, lakini kazi ni kazi.

Kungoja huchukua mwezi na kidogo, kama joto la maji liko kwenye nyuzi 25 hadi 28. Nairobi si Kisumu. Ikifika Julai, mji huu ulio mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari unakuwa na asubuhi za kuvaa makoti mawili, na stima ikipotea usiku vipasha joto vyetu vinazimika. Konokono hawafi kwa baridi ya namna hiyo, ila walio ndani yao wanapunguza mwendo, na wiki za kungoja zinaongezeka. Mtafiti aliyepanga kazi yake kwa kalenda ya ofisi huja kuuliza "bado?" kila asubuhi. Bado. Joto nalo likizidi ni tatizo. Konokono huyu hastahimili joto la Pwani, na hiyo ni sababu kubwa inayofanya kichocho cha tumbo kitokanacho na mansoni kisienee kule. Pwani wana konokono mwingine, Bulinus, na kichocho cha mkojo.

Siku ya kuvuna, konokono wamekwishalala gizani. Asubuhi nawatoa, kila mmoja kwenye chupa yake ya maji safi, naziweka chini ya taa. Hakuna kinachotokea kwa muda. Kisha maji yanaanza kujaa vijidoa vyeupe vinavyopanda kwa kutikisika na kushuka polepole. Chini ya hadubini kila kijidoa kina kichwa na mkia uliogawanyika mwishoni. Konokono mmoja hutoa mamia kwa siku, wengine hupita 1,000, na kesho atatoa tena, na keshokutwa, hadi afe. Hapo mikono ina glavu mbili mbili na spiriti iko karibu, kwa maana serkaria wa mansoni hahitaji kidonda ili akuingie. Ngozi nzima inamtosha, na dakika chache zinatosha pia. Mkia huachwa nje.

Naye hali chakula. Ana akiba ya sukari mwilini mwake ya kuogelea siku moja hivi, pengine mbili, lakini uwezo wa kupenya unaanza kushuka mapema zaidi ya hapo. Kwa hiyo kati ya yai na mtu kuna viumbe wawili wanaoogelea, wote hawali, wote saa zao zinahesabika. Katika miaka yangu kwenye chumba hiki, hilo ndilo lililobadilisha namna ninavyouona ugonjwa huu. Watu huzungumza juu ya minyoo kana kwamba ni wajanja wasioshindika. Mimi ninayewalea nawaona wakifa kutwa nzima. Jike mmoja wa mansoni hutaga mayai kama 300 kwa siku na anaweza kuishi miaka kadhaa. Karibu nusu ya mayai hayo hayatoki mwilini kamwe, yanakwama kwenye ini na kuta za utumbo, na hayo yaliyokwama ndiyo yanayomuumiza mgonjwa kuliko minyoo wenyewe. Yanayotoka, mengi huishia kwenye choo cha shimo au kwenye udongo mkavu. Yakifika majini, mirasidia wengi hawamkuti konokono. Anayemkuta, anaweza kukataliwa na kinga ya konokono huyo. Serkaria wanaotoka, karibu wote hufa bila kugusa ngozi ya mtu yeyote.

Halafu kuna jambo la dume na jike. Konokono ana jinsia mbili, na minyoo bapa wengi wako hivyo, lakini minyoo wa kichocho wamegawanyika, na jinsia imeamuliwa tangu kwenye yai. Maana yake, konokono aliyeingiwa na mirasidia mmoja atatoa serkaria madume watupu au majike watupu maisha yake yote. Watafiti wanaotaka minyoo wa jinsia moja hutuomba tuambukize hivyo, mmoja mmoja. Ili mtu awe na mayai mwilini, lazima apate wote wawili, wakutane kwenye mishipa ya ini, dume amfunge jike ndani ya mfereji wa mwili wake, kisha wasafiri pamoja hadi kwenye mishipa ya utumbo. Ukijumlisha vizuizi vyote hivyo unashangaa wanafikaje. Wanafika kwa sababu ya konokono peke yake. Ndiye anayebadilisha mmoja kuwa maelfu.

Ajabu ni kwamba wataalamu wenyewe hawakuamini haraka. Theodor Bilharz aliona minyoo hawa mwaka 1851 huko Cairo alipokuwa akipasua maiti, na kwa zaidi ya miaka 60 haikujulikana wanakopitia. Arthur Looss, bingwa wa minyoo aliyeheshimika sana mjini humo humo, alishikilia kwamba mirasidia humwingia mtu moja kwa moja. Wajapani Miyairi na Suzuki ndio walioonyesha mwaka 1913 kwamba aina yao ya kule inapitia kwa konokono, na mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha jambo hilo Misri. Kuna siku chupa zinapojaa serkaria na mkono wangu unawashwa kwa hofu tu, humkumbuka Looss na kumwonea huruma kidogo. Ukiangalia mirasidia anavyohangaika majini, ni rahisi kuamini anakutafuta wewe.

Konokono wa maabara wanachoka vizazi vikipita, kwa hiyo mara kwa mara tunashuka Mwea kuchota wengine. Mashamba ya mpunga ya Mwea yalianza miaka ya 1950, yako kilomita 100 hivi kutoka Nairobi, na mifereji yake midogo yenye majani kingoni ndiyo makao anayoyapenda Biomphalaria. Tunavaa mabuti ya mpira hadi mapajani na kutumia vyandarua vya waya. Safari ya kwanza niliona jambo ambalo kitabu kilikuwa kimeniambia lakini sikulisikia. Alfajiri mifereji ilikuwa mitupu. Maji ni baridi wakati huo, nani aingie? Kuanzia saa nne akina mama walishuka na nguo, watoto wakafuata, na saa sita jua likiwa utosini mfereji mzima ulikuwa sauti za watu. Serkaria wa mansoni hutoka kwa konokono kwa mwanga, na kilele chao ni hizo hizo saa za kuelekea adhuhuri.

Si bahati. Kule Guadeloupe, kisiwa cha Karibi ambako panya pia hubeba mansoni, watafiti walikuta kwamba mahali ambapo panya ndio wabebaji wakuu, serkaria hutoka jioni, panya wanapoanza kutembea. Minyoo wa jina lile lile, saa nyingine. Waliotoka saa ambayo hakuna wa kumwingia hawakuacha kizazi.

Nilimweleza hayo mzee mmoja aliyekuwa akifungulia maji shambani kwake. Alinisikiliza akiegemea jembe, kisha akasema, "Binti yangu, hiyo saa sita unayoisema ndiyo saa pekee maji hayaumizi mifupa." Hakuwa na haja ya kuongeza. Kumwambia mtu afue nguo alfajiri wakati wewe umekuja na gari lenye kipasha joto ni rahisi mno, na tangu siku hiyo sipendi mabango yanayoamrisha watu wasiingie majini bila kuonyesha watakoingia.

Lakini ile habari ya akiba ya sukari kuisha nimeitumia nyumbani. Mama yangu yuko Kitui na wakati wa ukame huchota maji kwenye bwawa la udongo. Nilimwomba awe na mapipa mawili yenye mifuniko, moja la kuchota leo na moja lililokaa siku mbili, akichuja konokono wasiingie. La siku mbili ni la kuogea na kufulia, kwa sababu serkaria waliokuwamo wamekwisha. Ya kunywa anachemsha, kwa maana kuna magonjwa mengine mengi yasiyohesabu saa. Mama alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Alisema maji yaliyotulia yana tope kidogo hata hivyo.

Kitu kingine ambacho Mwea hukufunza ni kwamba konokono hawako hapo kwa ajili yako. Ukiwaleta konokono wa mfereji maabara na kuwaweka chini ya taa, wachache sana hutoa serkaria wa kichocho cha binadamu. Wanaotoa serkaria wa minyoo wengine ni wengi zaidi: serkaria wanene wenye macho mawili meusi, ambao watamwingia ng'ombe kupitia majani aliyokula na kukaa tumboni mwake, wale wenye mkia mmoja usiogawanyika, ambao watasubiri ndani ya vyura au konokono wengine hadi ndege awameze, na wale wenye mkia uliogawanyika kama wa kichocho lakini ni wa samaki na ndege, ambao humsumbua kila mwanafunzi mgeni. Wakati mwingine aina mbili hupigania konokono mmoja. Baadhi ya aina hupitia hatua iitwayo redia, na redia ana mdomo na utumbo. Akimkuta sporosisti wa kichocho ndani ya konokono, anamla. Vita hivyo hatuvioni, tunaona tu kwamba konokono aliyekuwa akitoa hiki sasa anatoa kile.

Kwa sababu ya jina langu la mtaani, watu huniletea mambo yao ya maji. Lililonishughulisha zaidi lilikuwa la shemeji yangu wa Ruai. Serikali ilipoanza mpango wa mabwawa ya samaki mwaka 2009, mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, watu wengi walivutiwa na ufugaji wa samaki hata nje ya mpango, naye baadaye akachimba bwawa lake kwa fedha zake. Anauza tilapia kwenye mikahawa na kwa majirani. Jioni moja alinipigia simu, sauti ya chini. "Shemeji, samaki wangu wana funza." Mteja alikuwa amerudisha samaki akimwita mwizi.

Nilikwenda Jumamosi. Alinipasulia tilapia, na kweli, chini ya ngozi karibu na mashavu na kwenye nyama palikuwa na vivimbe vya manjano. Ukikitoboa kimoja anatoka mnyoo bapa anayejikunja taratibu. Huyo ni Clinostomum. Si funza, inzi hakuhusika, na samaki hakuwa ameoza. Nilimwuliza tu kama ana wageni bwawani. Akanyoosha kidole. Korongo wawili walikuwa wamesimama ukingoni mchana kweupe, hawana wasiwasi na mtu.

Mnyoo mzima wa Clinostomum huishi mdomoni na kooni mwa ndege wanaokula samaki. Ndege anapotumbukiza mdomo majini, mayai yanaoshwa yanabaki. Mirasidia anaanguliwa, anamtafuta konokono wake, anazaa redia na mwishowe serkaria, ambao humpenya samaki na kujifungia kwenye kifuko. Hapo saa zinabadilika kabisa. Huyu aliyejifungia anaweza kungoja miaka, maadamu samaki yu hai. Korongo akimmeza samaki, joto la mwili wa ndege linamwamsha, anatoka kifukoni na kupanda kurudi kooni badala ya kushuka na chakula. Siku chache baadaye anataga.

Shemeji alitaka dawa ya kumwaga majini. Kwa samaki walioshika tayari hakuna cha maana ambacho mfugaji wa kawaida atamwaga akafaidika, na baadhi ya dawa za kuua konokono huua samaki pia. Tulichofanya ni kazi ya mikono. Alivuna samaki wote, akakausha bwawa hadi tope likapasuka, akatia chokaa chini, akang'oa magugu kingoni ambako konokono hutagia, akaweka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia maji, na wavu wa ndege juu. Wavu wa ndege ndio uliomuuma mfukoni. Samaki waliovunwa hakuwatupa wote: waliojaa vivimbe alichemshia mbwa, wenye kimoja viwili alivitoa akala na familia yake wakiwa wameiva sawasawa, kwa sababu joto la kupikia linamaliza habari hiyo. Japani na Korea, ambako watu hula samaki wabichi, mnyoo huyu amewahi kutolewa akiwa hai kooni mwa binadamu. Wateja wa mikahawani hakuwauzia, na hapo nilimheshimu.

Wengine huja na maini. Mtu amenunua ini la ng'ombe kwa bei ya mtaani, kalikata, kakuta kitu bapa cha rangi ya kahawia chenye umbo la jani, pengine sentimita tano, kimelala kwenye mrija wa nyongo. Huyo ni Fasciola gigantica, na kwake konokono ni Radix natalensis. Serkaria wake hapenyi ngozi ya mtu, anajibandika kwenye majani ya ukingoni na kungoja ng'ombe. Ini kama hilo halikupita kwa mkaguzi wa nyama, kwa sababu mkaguzi hukata mirija hiyo makusudi kumtafuta huyu. Nunua penye muhuri. Na kijana mmoja anayeuza samaki wa mapambo aliniletea samaki wa dhahabu anayejisugua kwenye kioo; minyoo wale wa kwenye matamvua na ngozi, Dactylogyrus na Gyrodactylus, hawapitii kwa konokono hata kidogo, hutoka kwa samaki hadi samaki, kwa hiyo sikuwa na la kumsaidia zaidi ya kumwambia asichanganye wapya na wa zamani.

Watu wa Nairobi hupenda kusema kichocho ni cha ziwani. Lakini Desemba mji huu huhamia ushago. Mtoto wa jirani yangu alirudi kutoka Kitui baada ya likizo akiwa mzima kabisa, na mwezi wa tatu akaanza kukojoa damu kidogo, matone ya mwisho. Mama yake aliogopa mambo mabaya zaidi na hakutaka kuyataja. Nilipouliza kuhusu kuogelea, mtoto mwenyewe alisema kwa fahari kwamba anajua kupiga mbizi. Nikamwambia mama ampeleke hospitali na mkojo uchukuliwe kati ya saa nne na saa nane mchana, si ule wa alfajiri, kwa kuwa mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi saa hizo. Waliona mayai yenye mwiba mwishoni. Dawa ni prazikwanteli, kipimo kwa uzito, na mtoto alilalamikia uchungu wake kuliko ugonjwa. Dawa hiyo huua minyoo wakubwa, wachanga huiponyoka, tena haizuii kuambukizwa upya, kwa hiyo nilimweleza mama kwamba akirudi bwawani Aprili hesabu inaanza mwanzo. "Basi Aprili anakwenda kwa shangazi yake Rongai," akasema.

Kuhusu kumtafutia konokono mlaji badala ya kumwekea sumu, Kenya ina historia yake. Samaki mmoja wa Ziwa Victoria, Astatoreochromis alluaudi, ana meno ya kooni yanayosaga magamba, naye aliwahi kutiwa mabwawani kwa majaribio. Kamba wekundu wa maji matamu kutoka Marekani, walioletwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya biashara ya chakula, wanamaliza konokono vizuri sana, na watafiti waliwajaribu Machakos wakaona maambukizi ya watoto yakipungua. Ila kamba hao hula pia mimea ya majini na karibu kila kitu kingine, na ukishawatia mahali huwatoi. Mimi sikumshauri shemeji awalete Ruai.

Yeye amekuja na wazo lake. Juzi alinipigia, furaha tele, kwamba amenunua bata, na kwamba tangu waingie bwawani konokono hawaonekani kingoni. Nikamwambia bata kweli hula konokono, lakini bata ni ndege, na kuna minyoo bapa kadhaa wanaomngoja bata hasa ndani ya konokono huyo huyo anayemla, wengine wakimwasha mtu ngozi anapoingia majini. Akanyamaza. "Kwa hiyo niwachinje?" Sikusema hivyo. Nimemwomba aniletee kinyesi chao kwenye kikopo chenye maji ya chumvi, kabla ya saa tatu asubuhi, na asikiweke juani njiani.